Kata Aliyoimimina Sheikh Suhaimu

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye ukweli wa kila habari, kwamba hapo kale palikuwa na nchi ndogo iitwayo Naima, iliyokaa katikati ya falme mbili kubwa: Barqasi upande wa kaskazini na Hirmasi upande wa kusini. Falme hizo hazikupatana. Zilipigania malisho, zikapigania heshima, na zilipokosa sababu zilipigana kwa mazoea tu. Naima haikuwa na jeshi. Ilikuwa na chemchemi, misikiti mitatu na agano.

Agano lenyewe lilikuwa hivi. Watu wa Naima hawatamshikia silaha mtu yeyote. Na siku ya vita wanaume wao watatoka na viriba vya maji migongoni, waingie uwanjani mikono mitupu, wamnyweshe kila majeruhi bila kumwuliza ametoka wapi, kisha wawazike maiti wa pande zote mbili. Wapiga mishale wa Barqasi na wa Hirmasi walipowaona wenye viriba waliziinamisha pinde zao mpaka wapite. Kwa miaka tisini hakuna mbeba maji aliyepata hata mchubuko, isipokuwa mmoja aliyepigwa teke na farasi, na huyo mwenyewe alikiri kwamba alimjia kwa nyuma.

Mkuu wa wabeba maji katika zama za kisa hiki alikuwa Sheikh Suhaimu bin Adii, Mungu amrehemu. Alikuwa mtu wa ibada, mpole, msomaji wa Qur'ani, na mwenye haya nyingi. Haya ni pambo la muumini, lakini ya Suhaimu ilipita kiasi. Akipakuliwa chakula asichokipenda alikimaliza na kuomba kingine, mwenye nyumba asije akavunjika moyo. Mtu kama huyo humpenda kila mtu, na kila mtu humpenda, na hayo yote ni mazuri mpaka siku anapotakiwa kusema hapana.

Siku hiyo ilifika. Jeshi la Hirmasi liliivamia nchi jirani ya Dhubani, ambayo nayo ilikuwa ndogo na haikuwa na jeshi, likaichoma moto. Wakimbizi waliingia Naima kwa siku nne mfululizo, wengine wakiwa na masizi mwilini. Watu wa Naima wakaanza kuyatazama mapaa ya nyumba zao kwa jicho jingine. Hapo ndipo mjumbe wa Barqasi alipowasili na ujumbe wa sultani wake. Alisema, "Ingieni katika ushirika wetu wa vita. Atakayewagusa nyinyi atakuwa ametugusa sisi."

Naima ilikuwa na shura ya watu saba, na walikuwa na desturi yao ya kukata shauri. Kila mmoja alishika kata ya mbao iliyojaa maji ya chemchemi, na katikati uliwekwa mtungi mtupu. Aliyekubali aliyamimina maji yake mtungini. Aliyekataa aliyanywa. Mambo madogo yalipita kwa wengi, lakini agano halikuweza kubadilishwa mpaka kata zote saba zimiminwe. Mmoja tu akinywa, jambo lile lililazwa mwaka mzima.

Baraza likapewa siku tisa za kufikiri. Siku ya kumi Amiri Mundhiri, mkuu wa nchi, alisimama akasema maneno yake. Tusimdhulumu amiri huyu, kwani hakuwa mtu mbaya wala mpenda vita. Alisema, "Dhubani walikuwa na agano kama letu, na wote mmeona lilivyowafaa. Mimi nimewaosha watoto wao masizi kwa mikono yangu hii. Sitaki siku moja watoto wetu waoshwe na mtu mwingine." Akamimina kata yake. Watano wakamfuata, mmoja baada ya mmoja.

Ikabaki kata ya Suhaimu. Na alikuwa na la kusema. Alitaka kusema kwamba hofu ya amiri ni ya haki, lakini mtu hawezi kuwa mshirika wa jeshi moja kisha akaenda kuwapa maji askari wa jeshi la pili kana kwamba hakuna kilichobadilika. Alitaka kusema kwamba kama ni kujiunga, basi kwanza aende mtu Hirmasi kwa uwazi, awaambie agano limekwisha. Na alitaka kuwauliza wenzake kama wako tayari kuacha kazi ya babu zao. Maneno yote hayo yalikuwa tayari kinywani. Lakini mzee mmoja wa shura akasema kwa utani, "Sheikh wetu anaogopa jina lake la ucha Mungu lisije likapata vumbi." Watu wakacheka kidogo. Suhaimu akahisi uso wake unawaka, akainama, akamimina.

Nyumbani alimkuta mdogo wake, Sinani, ambaye naye alikuwa mbeba maji. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Kaka, umeridhika?" akauliza Sinani.

"Watu wote wameridhika."

"Nimekuuliza wewe."

Suhaimu akaanza kuvua viatu. Sinani akauliza tena, kwa upole zaidi, "Uliswali istikhara angalau, Mungu akuonyeshe njia?"

"Sikupata wasaa," akajibu Suhaimu. Siku tisa zilikuwa zimepita, na wote wawili walijua hesabu yake. Sinani alikuwa mtu mwenye adabu kwa kaka yake, kwa hiyo hakuongeza neno.

Hakuna aliyekwenda Hirmasi. Mjumbe wa Barqasi alisema si busara kumwamsha adui, na watu wa Naima wakaona ni sawa. Na hapa ndipo walipofanya kosa ambalo nadhani watu wengine duniani wasingelifanya. Waliona ushirika ni jambo moja na maji ni jambo jingine. Miaka tisini ya salama iliwafanya waamini kwamba usalama ule umo katika miili yao, walizaliwa nao, na kwamba watautembeza popote waendapo. Wakapokea ngao ya Barqasi kwa mkono wa kulia, na kwa mkono wa kushoto wakaendelea kuishika amani ya Hirmasi. Pamoja na hayo Barqasi wakawaletea mishipi myekundu ya kufunga kiunoni, ili askari wao wawatambue washirika, na Amiri Mundhiri akaamuru kila mwanamume aivae siku ya vita.

Miezi minne baadaye majeshi mawili yalikutana kwenye uwanda ulio chini ya Naima. Asubuhi hiyo wabeba maji walikusanyika chemchemini kama kawaida, wakajaza viriba, wakasoma dua. Sinani aliunyanyua mshipi wake akautazama.

"Kaka, na hii nayo tuivae?"

Suhaimu aliona kwamba swali lile ni zito. Aliona pia kwamba amiri amesimama pale pale anawatazama, na hakupenda kumbishia mbele ya watu. "Vaa tu, ndugu yangu," akasema. "Wanatujua." Na kwa kuwa kamba za kiriba zilimzuia Sinani asifikie mgongoni, Suhaimu mwenyewe aliufunga ule mshipi na kuukaza vizuri.

Wakashuka. Pinde za Hirmasi hazikuinama. Wabeba maji kumi na mmoja walianguka kabla wengine hawajaelewa kinachotokea, na miongoni mwao alikuwa Sinani bin Adii, aliyepigwa mshale kifuani akiwa amepiga goti kumnyanyua majeruhi wa Hirmasi. Suhaimu alimkimbilia. Alimkuta yu hai, akamnywesha maji ya kiriba chake mwenyewe, mafunda mawili. La tatu halikushuka.

Barqasi walishinda siku hiyo. Walimkamata mpiga mshale aliyemuua Sinani, mtu wa makamo aitwaye Dhimari, wakamleta Naima ahukumiwe huko Ijumaa baada ya swala. Shtaka lake lilikuwa khiana: kwamba ameua watu waliohifadhiwa na agano, na adhabu yake ni kifo. Ushahidi uliotakiwa ulikuwa wa mtu mmoja, mkuu wa wabeba maji.

Amiri Mundhiri alikwenda nyumba ya msiba. Alikuwa amekonda. "Sheikh, watu wameanza kunong'ona juu yangu," akasema. "Wanasema mimi ndiye niliyewaua hao kumi na mmoja. Simama Ijumaa useme Hirmasi wamevunja agano. Sitaki useme zaidi ya hapo."

Amiri alipoondoka, Bi Rabaabu, mjane wa Sinani, alizungumza kutoka nyuma ya pazia alikokaa eda. "Shemeji, damu ya mume wangu iko shingoni mwa yule mtu. Wewe ni kaka yake. Usiiache ipotee." Suhaimu akainuka kwenda kutia udhu. Safari hii aliswali istikhara. Kisha akaenda alikofungwa mateka, akaketi mbele yake.

"Siku ile uliona nini?" akamwuliza.

Dhimari akajibu, "Niliona mshipi mwekundu. Nina macho mazuri, Sheikh, ndiyo kazi yangu. Na kiriba nilikiona, nikasita. Mkubwa wangu akasema Barqasi wamejifanya wabeba maji safari hii. Nikaachia."

"Hamkujua kwamba Naima imejiunga nao?"

"Nani angetuambia?" akasema mateka. "Nyinyi?"

Ijumaa msikiti ulijaa mpaka uani. Suhaimu alisimama.

"Namshuhudisha Mwenyezi Mungu," akasema, "kwamba agano limevunjwa, na waliolivunja ni sisi. Tuliingia katika jeshi la watu na hatukuwaambia jirani zetu. Tukavaa mshipi wa vita, tukawaendea tukitaraji watuone kama walivyotuona zamani. Mshipi wa ndugu yangu niliufunga mimi, kwa mikono hii. Na siku ya baraza nilimimina kata yangu nikiwa sikuridhika, kwa sababu niliona haya kuchekwa. Mtu huyu ameua vitani kama askari wanavyoua. Hakufanya khiana."

Kadhi akamgeukia Amiri Mundhiri, na amiri, Mungu amsamehe na amlipe kwa hilo, alisema kwa sauti ndogo, "Amesema kweli." Dhimari akahukumiwa kuwa mateka wa vita, na baada ya muda akabadilishwa na mateka wengine, akarudi kwa wanawe.

Suhaimu alikwenda nyumbani kwa mjane. Alikuwa amejiandaa kupokea matusi, na pengine angefarijika nayo. Bi Rabaabu hakumtukana. Alisema, "Shemeji, kumbe ulimi huo ulikuwa nao siku zote." Hakumsemesha tena mpaka eda ilipokwisha, na baada ya hapo alihamia kwa ndugu zake.

Yafaa nieleze na yaliyofuata, kwa sababu wapo wanaokikatisha kisa hiki msikitini ili kimalizike vizuri. Barqasi walitimiza ahadi yao. Hirmasi walikuja mara mbili, na mara mbili wakazuiwa mbali na ukuta. Naima haikuchomwa, na watoto wake walikua. Lakini kazi ya maji ilikwisha. Katika vita vya pili watu wa Naima walisimama juu ya ukuta mchana kutwa, wakawasikia majeruhi wa pande zote wakiwaita kule uwandani: "Enyi watu wa Naima, maji!" Hapakuwa na mtu wa kushuka. Suhaimu alitaka kushuka peke yake, wenzake wakamshika, kwa kuwa hakuna tena aliyejua kama atapigwa au hatapigwa. Akaketi pale ukutani, akawasikiliza mpaka sauti zikapungua, zikaisha.

Uzeeni mwanafunzi wake mmoja alimwuliza kama Naima ilikosea kujiunga. Alijibu, "Sijui, mwanangu. Huenda tungeungua kama Dhubani. Huenda ningeyasema yangu, wenzangu wakanijibu, nikaridhika na kumimina kwa moyo mweupe. Basi angalau tungekwenda Hirmasi kuwaambia, na ile mishipi tusingeivaa na viriba. Mimi silii kwa shauri tulilolikata. Nalia kwa sababu nilikuwepo na sikusema."

Ndugu zangu waumini, ukweli alioutoa Suhaimu siku ya Ijumaa ulimwokoa mtu mmoja, na hilo si jambo dogo mbele ya Mola. Ukweli huo huo alikuwa nao barazani miezi minne kabla, na wakati ule ungetosha kwa watu wengi zaidi. Tunataraji kwa rehema ya Mwenyezi Mungu kwamba toba yake imepokewa. Wale kumi na mmoja wamelala uwandani, na makaburi yao yalichimbwa na watu wenye silaha.