Upanga Uliosingiziwa Jini

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji wa Nuhasa aliishi mcha Mungu mmoja, Bi Sabiha binti Ruzaiki, mfua panga kama marehemu baba yake. Watu wa mji ule waliamini kuwa majini huingia ndani ya panga na kuua kwa mikono ya watu. Basi ilikuwa desturi: upanga ukimwaga damu, aliyeufua huitwa mbele ya kadhi, akaugonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Ukilia kwa sauti safi, mwenye upanga ndiye muuaji. Ukikwaruza, muuaji ni jini. Upanga huyeyushwa, na mwenyewe hurudi kwake kula chakula cha mchana. Naam, chakula cha mchana!

Siku moja Ghanimu, ndugu wa pekee wa Bi Sabiha, alimuua jirani yake Idrisa kwenye shamba walilokuwa wakiligombania, kwa upanga aliofuliwa na dada yake.

"Wallahi, dada, mkono haukuwa wangu," alisema mbele ya kadhi. "Upanga ulininong'oneza."

"Ulikunong'oneza nini?" Bi Sabiha aliuliza.

"Aa... maneno ya kijini."

"Nawe ukayafahamu?"

Watu wakacheka. Ghanimu akainamisha macho, na shaka ikamwingia Bi Sabiha.

Akaugonga upanga. Ukakwaruza.

Umati ukapiga takbiri. Shangazi yao akamkumbatia Ghanimu. Lilibaki neno moja tu, "jini," nduguye aokoke na kisasi. Bi Lubaba, mjane wa Idrisa, aliyetoka edani kwa dharura ya kudai damu ya mumewe, alijifunika uso.

Bi Sabiha hakulitamka neno lile. Alipitisha kidole juu ya upanga, ukucha ukakwama karibu na mpini. Akauegemeza kizingitini, akaukanyaga, ukakatika. Mahali ulipokatika palikuwa na kutu.

"Kadhi wangu, kutu hii ni ya miezi. Upanga ulikuwa na ufa kabla Idrisa hajafa. Hata chungu chenye ufa hulia hivi, na hatujasema kina jini."

"Na zile panga mbili ulizozihukumu mwaka jana?" kadhi akauliza.

"Nilizigonga, sikuzivunja. Nilifuata alivyofanya baba. Wale wawili niliwaachia kwa ujinga, namwomba Allah maghufira. Huyu ningemwachia huku najua."

"We Sabiha!" shangazi akapiga kelele. "Unamuua ndugu yako?"

"Shangazi, mbona jini huyu, kati ya watu wote wa mji, kamchagua mwenye shamba analolitaka Ghanimu?"

Hapo Ghanimu akakaa chini. "Ni mimi," alisema. "Nilijua siku nyingi kwamba upanga unakwaruza."

Kadhi akamgeukia mjane, kwani haki ya kisasi ilikuwa yake. Bi Lubaba akaufunua uso.

"Niliambiwa mume wangu kauawa na chuma," alisema. "Chuma ningekisameheje? Sasa nina mtu wa kumsamehe. Nimemsamehe kwa ajili ya Allah. Lakini asipite tena mlangoni kwangu."

Enyi waumini, tusiwacheke watu wa Nuhasa. Ni mara ngapi tumesema "shetani alinipitia" kwa jambo tulilolipanga tangu juma lililopita? Mja mwema huanza kuutilia shaka udhuru unaomfaa yeye na jamaa zake. Na toba, Mola atujaalie, haina mlango mwingine wa kuingilia ila mtu kukiri kosa kwa ulimi wake mwenyewe.