Utepe Mwekundu wa Sajini Sule

Waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu walitaka tusipime uzito wa jambo kwa wingi wa kelele zake. Zulaika wa kijiji cha Abuku, Uganda, aliuona ukweli huo asubuhi moja ya gulio, mwaka 1994.

Lori lililojaa watu na magunia ya simsim, likielekea Koboko, lilipinduka konani karibu na nyumbani kwake. Zulaika alikuwa amefundishwa huduma ya kwanza kwa siku tatu huko Arua, akarudi na bendeji na tepe za rangi tatu: nyekundu kwa aliye hatarini kufa, manjano kwa anayeweza kungoja, kijani kwa anayeweza kutembea. Alikimbia kama swala.

Aliyempokea njiani alikuwa baba mkwe wake, Sule, sajini wa zamani, mwenye sauti ya kuamsha kambi nzima.

"Zulaika! Mguu yangu imevunjika! Mara mbili!"

"Pole, baba. Lori liko wapi?"

"Kule!" Sule alionyesha hatua hamsini nyuma yake.

"Na hapa umefikaje?"

"Nimekimbia! Nitangoja wewe mpaka lini?"

Zulaika aliuma midomo asicheke, akamfunga utepe wa kijani. Sule aliutazama kana kwamba amevuliwa cheo, akamfuata hadi kwenye lori, ambako Zulaika alimfunga Candiru, muuza vitunguu, utepe wa manjano.

"Kijani? Mimi sajini! Nyekundu iko ya wakubwa. Hata Candiru wa vitunguu amepata manjano!"

"Afande, tubadilishane," alisema Candiru, ameushika mkono wake uliovunjika. "Lakini chukua na mkono."

Kusikia hivyo, abiria wenye michubuko nao wakaanza kudai nyekundu. Kumwacha baba mkwe akilia ni aibu ambayo ukoo ungeisimulia miaka kumi. Lakini mwalimu wake alimwambia: anayepiga kelele anapumua, mtafute aliyenyamaza.

"Nani hajasema kitu?" aliuliza.

Akaangaza macho huku na huku. Kando ya barabara, Kasimiro, mkulima mpole, alikuwa ameegemea mzigo, gunia tupu limemfunika mapaja.

"Mimi iko sawa, dada," alinong'ona, akitabasamu kwa adabu. "Tibu mzee kwanza."

Zulaika akalifunua gunia. Paja lilikuwa limepasuka, na udongo chini yake umelowa damu chapachapa.

"Baba, koti lako! Kandamiza hapa kwa mikono miwili, usiachie!"

Sule akausahau mguu uliovunjika mara mbili. Alipiga magoti, akakandamiza kwa nguvu zake zote, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, akanyamaza. Zulaika alimfunga Kasimiro utepe mwekundu. Hawakumwachia mpaka gari la wagonjwa lilipofika.

Juma lililofuata walimkuta Kasimiro kitandani hospitalini, mzima. Alifungua kinywa kushukuru, lakini wodi ilikuwa na kelele kama soko.

"Nyamazeni wote!" alinguruma Sule, utepe wa kijani ungali mkononi. "Huyu mutu wa kunyamaza iko na neno!"

Hakika, kimya kingi kina mshindo mkuu.