Kiu ya Gari Jeusi

Anunuaye gari la tajiri hununua na kiu yake.

Mmeyasikia maneno haya jana kwa fundi, mkaniuliza yalitoka wapi. Yalitoka hapa hapa Makambako, kwa mama mmoja aliyeitwa Skolastika.

Mumewe, Zakaria Luvanda, alikuwa na mashine ya kusaga mahindi. Ndiyo iliyowalisha, ndiyo iliyowavisha watoto. Siku moja akaiuza, akaleta gari jeusi la kifahari lililokwisha kuchoka kumbeba mkubwa fulani mjini. Viti vya ngozi, vioo vya giza. Alitaka kulikodisha kwa maharusi, na kweli wateja wakaja.

Lakini gari lilikunywa oili. Siyo petroli, oili. Aliyewauzia alikuwa amesema, "Lina kiu kidogo tu, mtalizoea." Kila safari moshi wa bluu uliwafuata nyuma, na kila baada ya vijiji vichache Zakaria alisimama pembeni, akachomoa kijiti cha kupimia, akakikuta kikavu. Fundi alisema ringi za pistoni zimeisha, injini ifunguliwe. Zakaria akajibu, baada ya harusi hii. Ikawa hivyo kila harusi. Skolastika akawa anasafiri naye, dumu la oili miguuni, amelifunika kitenge wageni wasilione.

Jumamosi moja walikwenda kumchukua bibi harusi Ilembula. Alichelewa kutoka ndani, gari likakaa saa nzima likiunguruma ili kiyoyozi kisizimwe. Walipoanza kupanda mlima, taa nyekundu ya oili ikawaka.

"Baba Edina," Skolastika alinong'ona, "simama."

Shangazi wa bibi harusi akadakia kutoka nyuma. "Asimame nani? Gari la bibi harusi halisimami mpaka kanisani! Unataka mwanangu aachike kabla ya mwaka?"

"Ni dakika mbili tu, shangazi."

"Hata moja! Wewe mama, umekuja kusindikiza au kuloga?"

Zakaria alimtazama mkewe. Skolastika alijua akipiga kelele mumewe atasimama. Aliona aibu mbele ya wageni, akanyamaza. Injini ikaanza kugonga. Ikagonga, ikagonga, kisha gari zima likatulia kimya katikati ya mlima.

Bibi harusi alihamishiwa kwenye pikapu ya wapiga matarumbeta. Shangazi alishuka wa mwisho, akilishika gauni lisiguse vumbi. "Uzuri wote huu, kumbe sanduku!" Wakaondoka na ngoma zao.

Fundi alifika kwa bodaboda. Alijaribu kuizungusha injini, haikusogea.

"Imenoki, mzee wangu. Hii hairudi tena."

Zakaria alilichukua dumu, akafungua kifuniko cha injini, akaanza kumimina. Oili ikajaa, ikafurika, ikatiririka hadi kwenye lami, naye bado anamimina. Fundi alitaka kumshika.

"Mwache," alisema Skolastika. "Tulinunua gari la tajiri, tukanunua na kiu yake. Limeshakunywa mashine yetu. Mwache alimalizie na hili."

Fundi huyo ndiye aliyeyasambaza maneno yale. Injini nyingine hawakuipata, wala mashine haikurudi, na binti yao Edina akaacha shule mwaka ule ule kwa kukosa ada. Kwa hiyo mkiyasikia tena msicheke, wanangu. Anunuaye gari la tajiri hununua na kiu yake.