Bi Ruzuna na Ufa Wake

Paukwa!

Pakawa!

Aka! Mbona mnaitikia kama hamjala? Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Hapo zamani za kale, huko majabalini, aliishi pimbi mmoja, Bi Ruzuna. Kila pimbi jike alipewa ufa wake kwenye jiwe siku ya harusi, na kuuhama ilikuwa aibu. Tai akitokea, mlinzi hulia "Kwii!" Kila mmoja mbio kwenye ufa wake, chupu! Asiyeingia, huliwa.

Bi Ruzuna sasa alikuwa mtu mzima, ana wajukuu, amenenepa. Siku moja mlinzi akalia. Kwii! Kichwa ndani, mabega ndani, tumbo... wapi! Likakwama. Makalio nje! Kivuli cha Tai kikampita mgongoni. Bahati yake, Tai alimwona sungura kule bondeni.

Tangu hapo usingizi ukamhama. Akiona wingu, anatetemeka. Akasema, "Nitairudia njia yangu ya usichana." Maana kabla ya harusi alijikondesha kwa mchunga, yale majani machungu, na kulamba umande. Basi.

"Mchunga asubuhi, umande jioni, kiuno kitarudi!"

Mdogo wake, Bi Mauwa, naye mnono, alikwisha kuhamia chini ya jiwe pana, na kusemwa alisemwa. Akamwambia, "Dada, ule ulikuwa mwili wa kigori. Huu umezaa, umechoka. Njoo kwangu tubanane."

"Nihame ufa wangu, nichekwe? Thubutu!"

Mchunga asubuhi, umande jioni. Tumbo likaisha. Mapaja yakaisha. Mashavu yakabonyea. Magoti yakaanza kutetema, tete, tete, tete.

"Kula japo tunda moja, dada. Naogopa."

"Mimi naogopa zaidi yako, Mauwa. Niache."

Asubuhi moja akaujaribu ufa. Chupu! Akaingia mzima mzima. Alilia kwa furaha, masikini. Akatoka, akajilaza juani, kwa mara ya kwanza bila hofu.

Kwii!

Watoto chupu, wakubwa chupu. Bi Mauwa akajiviringisha chini ya jiwe lake. Bi Ruzuna akainuka. Dunia ikamzunguka. Akaanguka, puu!

"Dada, kimbia! Ufa huo hapo!"

"Nauona, Mauwa. Miguu haitaki."

"Tambaa basi! Tambaa, dada yangu!"

Akatambaa kidogo. Akapumzika. Akatambaa tena kidogo. Jua likafichika juu yake. Fyuuu!

Tai hakupata hata taabu ya kumnyanyua. Bi Mauwa alibaki akiita, "Dada! Dada!" mpaka sauti ikamkauka.

Basi wakubwa na wadogo, sikieni: kilichokufaa ujanani chaweza kukuua uzeeni. Ukitaka kupungua, pungua, lakini usiule mwili wako mpaka ukakosa nguvu za kujiokoa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Nipisheni, nami nikale.