Kiazi Kisichoshika Pua

Leo sitaki mniitikie amina. Kaeni tu mnisikilize, maana nina hasira, na hasira yenyewe imeanzia kwenye kidude cha mtoto.

Alhamisi nilikuwa nyumbani kwa msharika mmoja, mwanawe akaniletea mdoli wa plastiki wenye umbo la kiazi. Una matundu. Unachomeka macho, pua, masikio, mdomo, upendavyo wewe. Ukichoka unachomoa, unapanga sura nyingine. Baba yake akaniambia kwamba huko ulikoanzia, zamani, mwili haukuwemo. Ulinunua macho na pua tu, kiazi ukakichukue cha kweli jikoni kwa mama yako. Wakatokea watu wakalalamika, iweje chakula kichezewe, na baadaye ndipo ukaja mwili wa plastiki. Mambo ya huko siyajui vizuri, wala sitawadanganya. Lakini nilirudi nyumbani sijatulia, nikawatungia mfano wa kwetu sisi, wakulima wa viazi.

Kulikuwa na mama mmoja mjane mwenye watoto watatu. Marehemu mumewe alikuwa seremala, na kabla hajafa aliwatengenezea wanawe kisanduku cha vipande vya sura. Macho ya vifungo vya shati, pua za mbao, midomo iliyokatwa kwenye kandambili nyekundu, masharubu ya nywele za mkia wa ng'ombe, hata miwani ya waya. Kila kipande kina kijiti chenye ncha. Watoto wakirudi shule, mama anawapa viazi vya kupika jioni ile, wanachomeka. Leo kiazi ni bibi harusi, kesho askari, keshokutwa mwalimu wa hesabu. Jua likianza kushuka mama anachomoa vijiti, anaviosha viazi, anamenya, anapika, wanakula. Kisanduku kile ndicho kitu pekee walichobaki nacho kutoka kwa baba yao. Na watoto walikuwa wanacheka. Nyumba imefiwa, ndugu zangu, na watoto wanacheka.

Siku moja mzee wa kanisa akapita uani kwao. Akakuta kiazi kimevaa miwani na masharubu makubwa, kimewekwa juu ya kigoda, watoto wanakiamkia shikamoo. Mzee yule alikuwa na miwani. Alikuwa na masharubu makubwa. Mnacheka? Chekeni, lakini yeye hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kwa wazee wenzake, na habari ya masharubu hakuitaja. Aliwaambia kwamba yule mama anawafundisha watoto kuchezea chakula.

Si ndivyo tulivyo? Mtu akitugusa tunapoumia, hatusemi tumeumia. Tunamtafutia dhambi, na tukiikosa tunamshonea moja inayomtosha.

Baraza la wazee likamwita. Akaja na binti yake mkubwa, wa miaka minane, na kile kisanduku, kwa sababu aliagizwa akilete kama ushahidi. Wakamsomea mashtaka. Kilichokuwa kinamngoja ni kutengwa: asisogee kwenye Meza ya Bwana, na mwanawe mdogo asibatizwe, mpaka atakaposimama mbele ya usharika mzima kutubu. Na kisanduku kichomwe moto. Binti aliposikia hilo la moto alikikumbatia kwa mikono miwili.

Mama akasema, "Wazee wangu, sijatupa hata kimoja. Vyote tulivila."

"Chakula cha Mungu kinaheshimiwa, mama," akajibu mwenye masharubu. "Hebu huyo mtoto atuonyeshe mnavyofanya, tuone wenyewe."

Lakini mama hakuja na kiazi. Mtunza stoo akatumwa akalete kimoja kutoka stoo ya kanisa. Sasa tegeni masikio. Stoo ile ilijaa viazi vya sikukuu ya mavuno, magunia mpaka darini, vilivyotolewa na usharika wote. Havikuuzwa, havikugawiwa. Vilikuwa vinamsubiri askofu aje aone lundo lilivyo kubwa, apigwe nalo picha. Askofu akaahirisha safari, akaahirisha tena. Na mwezi mmoja nyuma, mama yule yule alikuwa ameomba debe moja tu, wakamjibu kwamba hiyo ni mali ya Mungu, haiguswi.

Mtunza stoo alikawia. Alirudi na kiazi amekifunika kwa kiganja. Binti akachukua pua, akachomeka. Pua ikazama yote, kidole nacho kikazama, maji machafu yakamtiririka mpaka kwenye kiwiko na chumba kizima kikanuka. Wakaagiza kingine. Nacho hivyo hivyo. Cha tatu kilipasukia mikononi mwa mtunza stoo kabla hajafika mlangoni.

Binti akajifuta kwenye gauni lake, akamgeukia yule mzee, akamwambia kwa adabu zote, "Samahani babu, hivi havishiki pua, vimeoza. Nikimbie nyumbani nikuletee kizima?"



Haya, niambieni ninyi. Katika chumba kile, nani alikuwa anachezea chakula? Yule mtoto aliyekivisha kiazi masharubu saa kumi na akakila saa moja? Au wale waliolipanga lundo wapate kulitazama, wakamnyima mjane debe, kisha wakamfungulia mashtaka?

Nawaona mnageuza shingo kuwatafuta wazee wa mfano wangu. Msihangaike. Ni sisi. Viazi vya mavuno yetu ya mwezi wa sita viko wapi? Viko hapo nyuma, vimefungiwa, vinamsubiri mgeni. Kamati imekaa vikao viwili kuchagua rangi ya vitambaa vya kumpokea. Mwezi huo huo tulikaa saa tatu nzima kumjadili binti mmoja wa usharika huu aliyepata mimba, tukamtenga, tukaomba, tukafunga kikao. Katika saa zile tatu hakuna hata mmoja aliyeuliza binti yule anakula nini. Inaniudhi. Inaniudhi mpaka usingizi sipati.

Wala msidhani nawasema wengine. Jumanne nilipita karibu na dirisha la stoo, nikasikia harufu. Mimi, mchungaji wenu. Mnajua nilifanya nini? Nililifunga dirisha.

Najua mnataka kusikia kama mama yule alitengwa. Sikuitunga hiyo sehemu, na sitaitunga.

Mzee Tweve, simama, toa ufunguo. Wimbo wa mwisho tutauimbia nje, mbele ya mlango wa stoo, na mlango uwe wazi. Akina mama wachague vilivyo vizima, na debe la kwanza liende kwa yule binti, nitalipeleka mwenyewe na nitamwomba radhi mbele ya mama yake. Vilivyooza asiviguse mtoto wala mama yeyote. Hivyo ni vyetu, mimi na wazee wangu. Tutavitoa kwa mikono, mchana huu huu, na suti zetu tulizovaa, na ninyi wote mtasimama hapo mtuangalie.