Mfalme Aliyetakiwa Kushona Pazia

Hapo zamani, siku ya Ijumaa, tarehe kumi na mbili ya mwezi wa Adari, saa tisa na robo alasiri, Serahi binti Ahiya alikuwa juu ya ngazi katika ukumbi wa mfalme wa Shushani, akishona pazia la buluu lililoraruliwa na mlevi mmoja wa karamu.

Serahi alikuwa Myahudi wa uhamisho, tena maskini hohehahe. Mali yake yote ilikuwa sindano ya shaba na chumba kimoja cha matofali mabichi alimoishi na mama yake. Marehemu baba yake alikijenga kwa miaka saba, baada ya kupokonywa nyumba ya kwanza huko kwao.

Mfalme akauliza, "Pazia litakwisha lini?"

"Jumapili, bwana wangu. Jua likizama leo siku ya saba inaingia, nasi hupumzika hata kesho jua lizame."

"Mshona viraka anapumzika, na mimi nimechoka!" akanguruma mfalme.

Basi Zathari, msimamizi wa karamu, ambaye siku nyingi alizitamani nyumba za Wayahudi zilizo kando ya mfereji, akamwinamia mfalme sikioni. Ikawa kabla Serahi hajakata uzi, waraka umekwisha andikwa, nao ukasomwa kwa sauti: "Kila mtu aliye ndani ya kuta za Shushani na afanye kazi ya mikono siku ya saba, tangu jua lizame hata jua lizame. Atakayeonekana amekaa bure, nyumba yake itwaliwe, apewe aliyemshitaki."

Mfalme akaupiga muhuri kwa pete yake. Na sheria ya Wamedi na Waajemi, ikishapigwa muhuri, hata mfalme mwenyewe hawezi kuitangua.

Serahi akawaza nyumbani. Alikiona chumba cha mama yake kimekwisha kuwa ghala la mvinyo la Zathari. Akashuka ngazi polepole, vidato tisa, kisha akapiga magoti na kumnyoshea mfalme sindano.

"Nini hii?"

"Sindano, bwana wangu, uishi milele. Nimekwisha kuitunga uzi, maana jua limefika nguzo ya tatu."

"Mimi nishone?"

"Waraka umesema kila mtu. Nakuogopea, bwana wangu. Ukionekana umekaa juu ya hicho kiti jua likishazama, jumba hili atapewa wa kwanza kukushitaki. Nami, namshukuru Mungu, macho yangu ni mazima."

Zathari akaruka. "Mfidhuli! Mfalme si mtu kama watu!"

"Ala! Ni mnyama gani basi, Bwana Zathari? Mwandishi huyu hapa, mtajie aandike."

Mwandishi akaukunjua waraka, akausoma mara mbili, akatikisa kichwa. "Kila mtu, ee mfalme. Hakuna aliyetolewa."

Basi mfalme akatwaa sindano, akapiga mshono mmoja, akajichoma kidole gumba. "Lo! Binti, nitoe humu!"

"Sheria haitanguki, bwana wangu, lakini miguu inatembea. Waraka umewashika walio ndani ya kuta. Je, ile bustani yako ya makomamanga si iko nje ya lango la mashariki?"

Mfalme akacheka, akacheka hata taji likamwangukia sikioni. "Iko nje. Lakini nikakae huko peke yangu kama bundi?"

"Tupo watu wa nyumba arobaini, tunaojua kupumzika tangu enzi za mababu. Tutakufundisha."

Ikapigwa mbiu kwamba kila siku ya saba bustani ya mfalme ni ya Wayahudi, na kabla jua halijazama wote wakatoka na mikeka yao na mikate yao, mfalme akiwa mbele. Zathari naye akakunja joho lake afuate.

"Wewe wapi?" akauliza mfalme. "Nani atalinda jumba? Baki. Na usikae bure." Akamtia sindano mkononi.

Kesho yake asubuhi Zathari alikuwa juu ya ngazi, amefika mshono wa thelathini na nne wa pazia, na chini yake mpishi akitwanga ngano huku amemkodolea macho asije akapumzika, maana nyumba ya Zathari ilikuwa nzuri sana. Huko bustanini mama alimtikisa Serahi, akamwambia jua limekwisha panda. Serahi akavuta shuka hadi kichwani, akageukia upande wa pili.