Mto Haujanuna

Siku aliyofariki msoma kina cha maji, simu ya kituo cha mto ililia mara tatu bila kupokewa. Binti yake alikuwa akikunja koti la kazi la baba yake. Ilipolia mara ya nne, akaipokea.

"Jirani, leo umelala kama gogo?" iliuliza sauti ya mzee kutoka nchi ya ng'ambo, huko mto unakoelekea.

"Baba ametutoka alfajiri."

"Pole, mwanangu. Miaka ishirini, na sikuwahi kuuona uso wake."

Hakuna mkataba ulioagiza simu hizo. Zamani mzee aliuliza kina mara moja tu, msoma kina akamjibu, na tangu hapo kila asubuhi msoma kina alisoma namba kwenye nguzo iliyosimama majini, kisha akapiga simu ili watu wa bondeni wahame kabla ya mafuriko.

Halafu nchi hizo mbili zikakosana. Mabalozi wakarudishwa makwao, na barua ya wizara ikakataza mazungumzo na ng'ambo. Baba aliisoma, akaiweka chini ya kikombe chake.

"Wakubwa wamenuniana," alimwambia binti yake. "Mto haujanuna."

Akapiga simu. Alivuliwa cheo, akaachwa kwenye kituo ambacho hakuna aliyekitaka. Wenzake wakambandika jina la Balozi. "Balozi, kwenu hawajambo?" walimkejeli, kisha wakahamia meza nyingine. Miaka sita alikunywa chai peke yake.

"Unayakumbuka malori ya dawa?" mzee aliuliza sasa simuni.

Binti aliyakumbuka. Yakija huku kwao, yalizuiwa ng'ambo mwaka wa homa, kisha yakaachiwa. Redioni wakubwa walijisifu kwa busara yao.

"Busara gani? Watu wa bonde walikaa barabarani wakasema hawaondoki mpaka malori yapite. Walisema huko yanakokwenda yuko mtu anayetuhamisha kabla ya maji."

Binti alilitazama koti. Akimsomea mzee kina, huenda akafukuzwa kwenye nyumba ya kituo, na hana kwingine pa kwenda.

"Subiri, baba," alimwambia mzee. Akalivaa koti, mikono ikampita vidole, akateremka mtoni. Aliporudi, simu ilikuwa bado wazi.

"Mita nne na nusu. Maji yanapanda."

"Asante, jirani," mzee alisema.

Siku hizi binti ndiye anayepiga, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Barua ingali chini ya kikombe. Haijafutwa, na simu haijakatika. Wema hauozi.